Vitz yangu: maswali ninayoulizwa kila siku na majibu yake

Nina mwezi wa kumi na nne sasa toka nimeitoa Toyota Vitz yangu bandarini Dar, ni ile ya umbo la tatu, injini ndogo ya piston tatu, cc 996. Naishi Mbezi huko ndani, kazi Posta, kwa hiyo kila siku inapiga kama kilometa 48 kwenda na kurudi, na kati ya hizo nne ni vumbi na mashimo kabla hujaiona lami. Ofisini, mtaani, kwenye magrupu ya WhatsApp maswali ni yaleyale, nimeamua kuyaweka sehemu moja nijibu kwa nafasi. Mi sio fundi. Naandika nilichokiona kwenye gari yangu na nilichojifunza kwa kuuliza, na kingine nilijifunza kwa kutoa hela.

## Kabla hujanunua

Gari imetumika Japan miaka yote hiyo, unaiitaje mpya?

Kwetu gari mpya ni ile ambayo haijawahi kukanyaga barabara za Bongo, kila mtu anaelewa hivyo, ikishuka melini na kupewa namba ni mpya. Zile za ziro kilometa zipo ila kwa mshahara wa wengi wetu hazifikiki, tuseme ukweli. Cha muhimu ujue hiyo "mpya" ina umri wake: mpira wa wipa una miaka, betri ina miaka, tairi zina miaka hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimesimama. Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016. Zangu zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani jana kumbe zina miaka nane, nikabadilisha zote nne kabla sijaipeleka Morogoro.

Kwa nini Vitz na sio IST?

IST naiheshimu sana, na Dar hii ukikosa spea ya IST basi spea hiyo haijatengenezwa. Ila IST nyingi zinazoingia ni zile za kwanza, zilizotoka kati ya 2002 na 2007, na mimi nilitaka gari ya miaka ya karibuni kidogo. Pia IST na Vitz ni ndugu wa damu, IST ilijengwa juu ya chesisi ya Vitz ya kwanza, kwa hiyo hunifanyi nijisikie nimekosea ukoo.

Kama familia yako ni ya watu watano wakubwa na kila wikiendi mko barabarani, chukua IST ya cc 1500 au Vitz ya cc 1300. Hii ya cc 996 ina nguvu farasi 69 tu, utazikumbuka ukifika mlimani (nimeeleza kwenye swali la mlima wa Kitonga huko chini).

Si beibi woka hiyo? Mwanaume mzima unakaaje humo?

Nimeulizwa hili mpaka na mjomba wangu. Nina futi sita kasoro, kiti nimekirudisha nyuma na goti haligusi kitu, nyuma yangu anakaa mtoto wa darasa la tano bila shida. Mama yangu alikuja kutoka kijijini na gunia la mchele, ndoo mbili za maharage, mkungu wa ndizi na kuku wawili, tulilaza kiti kimoja cha nyuma vyote vikaingia na yeye akakaa mbele na pochi yake mapajani. Alipofika nyumbani akaipiga bodi kofi mbili kama mtu anavyompongeza punda akasema "kadogo lakini kana adabu". Mimi baada ya hapo maneno ya watu hayanisumbui.

## Siku za mwanzo

Nikiwasha gari kuna dada anaongea Kijapani, anasema nini?

Kama ni sentensi moja na kila ukiwasha anairudia ileile, hiyo ni ETC, kile kisanduku cha kulipia barabara za kulipia kule kwao. Anakwambia kadi haijaingizwa. Hakuna ubaya wowote kwenye gari. Kisanduku mara nyingi kinajificha chini ya stelingi au karibu na kioo cha juu, fundi umeme wa magari anakichomoa kwa dakika kumi, na ukikiacha hakina madhara. Mwanangu alishamzoea, ana jina kabisa, siku nimekitoa alilalamika wiki nzima.

Redio inashika vituo viwili tu, imeharibika?

Nzima kabisa. Japan FM yao ilikuwa inaishia 90, sisi yetu inaanzia karibu 88 mpaka 108, kwa hiyo unaambulia wale waliobahatika kuwa katikati hapo. Kuna kidude kinaitwa ekspanda kinachomekwa kwenye waya wa antena kinazishusha stesheni zako ziingie kwenye masafa ya redio, ni bei rahisi, ila namba unayoiona kwenye kioo haitakuwa ile ya kituo chenyewe na sauti wakati mwingine inakwaruza. Ukiweza badilisha redio nzima uweke yenye blututhi. Ramani ya Kijapani iliyomo humo sahau tu, hata ukiisoma itakuonyesha Osaka.

Kuna taa ya bluu ya kipimajoto inawaka asubuhi alafu inazima, niogope?

Usiogope. Hii gari haina mshale wa joto, ina taa tu: bluu maana yake injini bado ya baridi, ikizima imepata joto la kazi. Kwa hali ya hewa ya Dar inazima mapema sana. Hiyo hiyo ikigeuka NYEKUNDU ndio simama, toka barabarani, zima, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto hata kama kuna mtu pembeni anakuhimiza. Na kwa sababu haina mshale, huna onyo la katikati, ndio maana mimi kila Jumamosi asubuhi kabla sijawasha nafungua boneti naangalia kulanti, yale maji ya kupozea injini, kwenye kile kichupa iko kati ya mstari wa chini na wa juu.

Mbona ina wipa moja mbele, nyingine imeibiwa?

Hapana, umbo hili lilitoka hivyo kiwandani, wipa moja ndefu. Inafagia vizuri tu. Ubaya wake ukinunua mpira wa kubahatisha na ukagoma siku ya mvua hauna wa pili wa kukusaidia. Pima urefu wa wipa yako kabla ya kwenda dukani.

Kwenye gia kuna S na B, za nini?

D ni ya siku zote. S inaifanya injini izunguke juu zaidi, naitumia nikitaka kuovateki au kupanda. B ni ya kushuka mlima mrefu, injini yenyewe inaishika gari isikimbie ili breki zisipate moto. B haimaanishi breki ya mkono, kuna jamaa yangu alikuwa anapaki hivyo.

Foleni inatetemeka, fundi anasema injini imekufa?

Injini ya piston tatu haiwezi kutulia kama ya nne, ukisimama na D na AC imewaka utausikia mtetemo kidogo kwenye stelingi na kiti. Huo ndio mwili wake. Ila kama mtetemo umeanza ghafla au unaongezeka mwezi hadi mwezi, hapo kuna kitu: plagi (ziko tatu), koili, au maunti (raba zinazoshikilia injini) zimechoka. Usikubali kufungua injini kabla hivyo vitatu havijaangaliwa.

## Mafuta

Inakula kiasi gani, ukweli ukweli?

Kwangu Mbezi–Posta na foleni zake na AC muda wote, ni kilometa 13 kwa lita. Safari ya Morogoro nikitembea 80 mpaka 90 imewahi kunipa 18. Watakaokwambia 25 wamesoma namba za vipimo vya Japan ambavyo havina foleni ya Kimara.

Pima mwenyewe, ni rahisi. Jaza mpaka bomba lijikate, sifurisha kile kihesabu cha safari, tembea siku zako, rudi sheli ileile jaza tena mpaka lijikate, gawanya kilometa kwa lita zilizoingia. Mara moja mwezi uliopita nilitembea 412 kati ya kujaza na kujaza, ikaingia lita 31.2, ukigawanya ni 13.2. Mimi naandika kwenye daftari dogo linakaa kwenye mlango, na lile daftari ndio lililoniambia breki ya nyuma inashika, maana kilometa kwa lita zilishuka mpaka 10 bila sababu na gari nilikuwa naiona sawa tu.

Nikiweka ya elfu kumi kumi kuna shida?

Hesabu ya mwisho wa mwezi ni ileile, haikuongezei ulaji. Shida ni kuishi na taa ya mafuta imewaka. Pampu ya mafuta iko ndani ya tenki na inapozwa na mafuta yenyewe, ukiiacha inanyonya chini kila siku unaichosha. Tenki ni lita 42, mi sishuki chini ya robo. Na kumbuka EWURA wanatangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, ukisikia inapanda jaza Jumanne.

Nizime AC ili kubana matumizi?

Kwenye gari ya nguvu hii AC inasikika, nadhani inanila kilometa moja kwa kila lita. Ila Dar saa nane mchana na vumbi la matengenezo ya barabara, mimi nafunga vioo nawasha. Kwanza angalia ile chujio ya hewa ya ndani, iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, unabana pembe zake kinashuka. Yangu nilipoichomoa mara ya kwanza ilikuwa na majani makavu mekundu, ya miti ya huko Japan, yamekaa humo yamenyooka kama mtu aliyapanga kwenye kitabu. Nilivyoweka mpya upepo ukawa mara mbili.

## Barabarani

Inagusa matuta?

Ukiwa peke yako haigusi kama unajua kupita. Mkiwa watano inagusa. Chini ina kama sentimita 14 tu hivi, matuta ya mitaani kwetu kila mtu anamwaga zege lake anavyojua, kwa hiyo mi napita kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, taratibu kabisa. Watu wanaweka spesa (vipande vya kuongeza urefu) za springi kuinyanyua, nilifikiria nikaacha, maana ekseli zinakaa kwa pembe ambayo hazikupangiwa na vile vibuti vya raba vinachanika mapema. Nikapata nafuu zaidi kwa kubadilisha shokapu za mbele zilizokuwa zimechoka.

Kitonga inapanda?

Inapanda. Tulienda Iringa wanne na mizigo, Kitonga nikazima AC, nikaweka S, nikakaa nyuma ya lori mpaka nilipoona mbele peupe kabisa. Injini inalia sauti moja ndefu bila kubadilisha, hiyo ni kawaida ya gia ya CVT (otomatiki ya mkanda, nimeieleza kwenye servisi), usishtuke ukadhani imekwama. Kuovateki ndio kunataka akili: usilinganishe na Kluger iliyokupita sasa hivi, unahitaji nafasi ndefu karibu mara mbili. Nilimfuata dereva mmoja wa gari kubwa akaingia kulia nikaingia nyuma yake, yeye akamaliza mimi nikabaki ubavuni mwa lori naangalia basi linakuja, nilibana breki nikarudi nyuma ya lori nikiwa nimelowa jasho na mke wangu hajasema neno mpaka Ilula. Sijarudia. Kurudi, mlima wote nilishuka na B.

Na vijijini pale 50 ni 50 kweli, tochi ya trafiki haiangalii udogo wa gari, faini ya elfu 30 ni ileile.

Mvua ikinyesha na maji yamejaa barabarani, nipite?

Kama huoni lami chini ya maji, geuza. Gari ya chini hivi inavuta hewa sehemu ya chini pia, maji yakiingia kwenye silinda injini inajaribu kuyabana, maji hayabaniki, kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa piston. Na ikizimikia kwenye maji USIJARIBU kuwasha tena, isukumwe. Ni heri uchelewe kazini masaa matatu.

## Servisi

Inaingia oili lita ngapi?

Kama lita tatu tu ukibadilisha na filta. Wengi wanakwambia nunua galoni la lita nne na wanamimina lote, mkatalie, oili ikizidi nayo ni tatizo. Mwaga kidogo kidogo, angalia stiki, ishie chini kidogo ya alama ya juu. Kinachobaki weka buti. Mi nabadilisha kila kilometa 5,000 kwa sababu ya foleni na vumbi. Hela ya mkanda wa taimingi usikubali kudaiwa, injini hii ina cheni.

Mafuta ya gia naweza kuweka yoyote?

Hapa naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine zote.

Nilipofikisha kilometa elfu sita za kwanza nilipeleka gari gereji moja nzuri tu, safi, wana sare. Nikawaambia badilisheni na ya gia. Nikakaa nikanywa soda. Jioni natoka nayo, mwendo wa kuanza kuondoka gari inajikunja kama mtu mwenye kwikwi, nikadhani mafuta machafu. Siku ya tatu ikaanza kuvuma. Nikarudi, nikaomba kuona kopo walilotumia, lilikuwa la ATF ya kawaida, ile nyekundu ya gia otomatiki za zamani kama za IST. Fundi akaniambia "otomatiki ni otomatiki bosi". Sio kweli. CVT haina gia zile za kupanga, ina mkanda wa chuma unabanwa katikati ya puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa ili mkanda usiteleze. Ukiweka mengine unateleza, unasugua puli, na ukifika hapo unanunua giaboksi.

Mimi niliwahi. Fundi mwingine aliyamwaga, akaweka ya CVT yenyewe, akanifanya nitembee siku mbili, akamwaga tena akaweka mapya. Ililainika. Tangu hapo mafuta nanunua mwenyewe, kopo nalishika mkononi, nalifungua mimi, na nasimama pale mpaka mfuniko ufungwe. Kitabu cha gari kitakwambia aina, kama ni cha Kijapani piga picha ukurasa simu itatafsiri.

Hewa ya tairi niweke ngapi?

Fungua mlango wa dereva, kuna stika kwenye nguzo. Imeandikwa kwa kPa, gawanya kwa 6.9 upate namba ya pale sheli, yaani 220 ni kama 32. Wale vijana wa kujaza upepo watataka kukuwekea 40 "isile mafuta", utaruka kama mpira na tairi italika katikati.

Spea tairi mbona nyembamba hivi?

Ni ya dharura tu, ya kukufikisha kwa fundi pancha, na usizidi 80. Inataka upepo mwingi sana, 60, imeandikwa ubavuni. Ya kwangu nilipoipima kwa mara ya kwanza ilikuwa na 18, miaka yote hakuna aliyeigusa. Nyingine hazina spea kabisa zina kopo la gundi na kipampu, angalia chini ya zulia la buti leo, usisubiri usiku wa Chalinze.

Gari yangu inajizima kwenye taa nyekundu, betri ya kawaida itafaa?

Kama inajizima na kujiwasha yenyewe, inataka betri ya aina yake, zinaandikwa herufi kama M, N au Q mwanzoni. Ya kawaida itawasha, ila itakufa mapema. Yangu haina mfumo huo.

## Wizi, bima na karatasi

Nichape namba ya gari kwenye vioo?

Ndiyo, kabla hata hujailaza nje siku ya kwanza. Vioo vya pembeni, taa, na vioo vya milango. Hivyo vya pembeni (saiti mira) vya Vitz vinang'oka kwa sekunde. Mwizi anapenda kitu kisicho na jina. Na swichi za vioo mlangoni, ukienda kuosha gari sehemu usiyoijua kaa nayo.

Bima ndogo au kubwa?

Ndogo ni 118,000 kwa mwaka na inamlipa uliyemgonga, wewe hupati kitu. Mwaka wa kwanza nilikata kubwa kwa sababu gari nilikuwa nadaiwa nusu. Kama kupoteza hiyo gari kutakurudisha ulikotoka, kata kubwa. Road licence ya kila mwaka ilifutwa 2017, mtu akikudai hiyo anakudanganya.

## Mengine ya mara moja moja

Nimekuja na funguo moja tu, nitoe nyingine?

Toa mapema. Nyingi zina chipu ndani, kuchonga chuma tu haitawasha. Ukipoteza hiyo moja gharama ni nyingine kabisa.

Nataka kuiweka kwenye taxi za mtandaoni.

Wengi wanafanya. Kwa CVT punguza muda wa kubadilisha mafuta yake, maana foleni siku nzima ndio joto lake (soma tena swali la mafuta ya gia), na kilometa za servisi zihesabu mwenyewe, usimwachie dereva.

Nikisafiri mwezi mzima niifanyeje?

Chomoa waya wa hasi wa betri, jaza upepo tairi, acha breki ya mkono chini uweke P na jiwe nyuma ya tairi, maana breki hubandika. Ukirudi fungua boneti kabla hujawasha. Mimi nilikuta panya ametandika kiota juu ya injini kwa sufi ya mto wa sebuleni, na waya mmoja wa koili amekwisha kuuonja.